Hati ya Nasaba si Cheti cha Afya: Mwongozo wa Kuchagua Mbwa wa Nyumbani

Baba mmoja ameamua kufuga mbwa. Wezi wameingia mtaani mara mbili mwezi huu, na watoto nao wamekuwa wakiomba mbwa tangu mwaka jana. Mbele yake zipo njia mbili. Kuna muuzaji mwenye watoto wa mbwa wa jamii ya German Shepherd, wanaouzwa kwa bei inayokaribia mshahara wake wa mwezi mzima, na pamoja na kila mmoja hutolewa karatasi yenye majina ya baba, mama, babu na bibi wa mbwa huyo. Kuna pia jirani mwenye duka, ambaye mbwa wake wa kienyeji amezaa watoto watano, naye yuko radhi kuwagawa bure ili mradi wapate pa kukaa. Baba huyu anasitasita. Ndipo muuzaji anapomwambia neno la kummaliza mashaka: "Huyu ni mbwa safi, mzee wangu. Hata akimparua mtoto huna sababu ya kukimbilia hospitali. Huyu si mbwa koko."

Mfano huu tumeubuni, lakini maneno ya muuzaji yanafanana na imani iliyoenea, na imani hiyo inaweza kuua. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kupima sawasawa swali ambalo familia nyingi hujiuliza: kati ya mbwa wa nasaba safi na mbwa aliyechanganyika, yupi afaa kuingia nyumbani? Jibu letu, ambalo tutalitolea hoja hatua kwa hatua, ni kwamba hati ya nasaba hueleza ukoo wa mbwa tu. Haielezi afya yake, na wala haiwakingi watu wa nyumba atakamoishi.

Maneno matatu yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku tunatumia maneno mawili tu: mbwa wa kizungu na mbwa koko. Mgawanyo huo haututoshi. Mbwa wa nasaba safi ni yule ambaye wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake kwa vizazi vingi, ni wa aina moja iliyoandikishwa katika kitabu cha nasaba, na haruhusiwi kuzaa nje ya aina hiyo bila kupoteza sifa ya usafi. Mbwa chotara ni yule ambaye wazazi wake ni wa aina mbili au zaidi zinazojulikana, kwa mfano baba Rottweiler na mama German Shepherd. Mbwa wa kienyeji ni wa kundi la tatu. Huyu hakutokana na kuchanganywa kwa aina za kigeni. Yeye ni wa uzao wa kale uliokuwa hapa kabla aina hizo hazijabuniwa. Watafiti waliochunguza vinasaba vya mbwa wa vijijini nchini Misri, Uganda na Namibia, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, waliwakuta wakiwa na utofauti mkubwa wa kiurithi. Kwa hiyo, kumwita mbwa wa kienyeji "mchanganyiko" ni kukosea historia, ingawa katika miji yetu wengi wao sasa wana damu ya kigeni pia.

Nasaba safi hutengenezwaje?

Watu wamewazalisha mbwa kwa kazi maalumu tangu zamani za kale: kuwinda, kuchunga na kulinda. Lakini aina zilizofungiwa ndani ya vitabu vya nasaba ni jambo la juzi. Chama cha Kennel Club kilianzishwa Uingereza mwaka 1873, na aina nyingi tunazozijua leo zilipata umbo lake katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. German Shepherd, ambaye kwetu ndiye mfano mkuu wa mbwa wa ulinzi, ana historia inayoanzia mwaka 1899, pale afisa wa jeshi wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alipomwandikisha mbwa aliyeitwa Horand von Grafrath kuwa wa kwanza wa aina hiyo. Damu ya mbwa huyo mmoja ilienezwa kwa makusudi katika vizazi vilivyofuata.

Hapa ndipo penye faida na penye hasara. Faida ni kwamba mnunuzi anaweza kubashiri ukubwa, manyoya na umbo la mbwa atakapokomaa. Hasara ni kwamba umbo hilo limethibitishwa kwa kuwazalisha ndugu kwa ndugu, na ndugu hurithi mema na mabaya kutoka kwa babu mmoja.

Msomaji anayeujua ugonjwa wa selimundu ataelewa jambo hili kwa urahisi. Mtoto huugua selimundu anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye jeni moja tu hubeba kasoro hiyo bila kuugua, na anaweza kuishi maisha yake yote pasipo kujua. Wabebaji wawili wanapozaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Mbwa nao wana magonjwa mengi ya urithi yanayofuata kanuni hiyohiyo. Ukoo unapokuwa mwembamba, uwezekano wa wabebaji wawili kukutana huongezeka, na kasoro iliyojificha kwa vizazi vingi hujitokeza.

Kasoro nyingine hazijifichi hata kidogo, kwa kuwa ndizo zilizotafutwa kwa ajili ya urembo. Bulldog na pug walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya nyuso zao fupi. Fuvu lilifupishwa, lakini nyama laini za ndani ya pua na koo hazikupungua kwa kiasi kilekile, hivyo wengi wao huvuta pumzi kwa shida tangu wangali wachanga. Mkoromo unaowachekesha wageni sebuleni ni dalili ya njia ya hewa iliyobanwa. Kwa German Shepherd, tatizo linalojulikana sana ni la nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake, kiungo huchakaa mapema, na mbwa aliyenunuliwa kwa ajili ya kukimbiza wezi hushindwa kunyanyuka asubuhi.

Somo la mbwa wa Kongo

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili kinatoka katika misitu ya Kongo. Huko kuna mbwa mdogo wa kuwindia, mwenye mkia uliojikunja na masikio yaliyosimama, ambaye habweki kama mbwa wengine. Wageni walimwita Basenji, jina litokanalo na lugha za huko, na msemaji wa Kiswahili hatakosa kusikia ndani yake mwangwi wa neno "washenzi". Waingereza walipojaribu kumpeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19, mbwa wa kwanza walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Walifaulu katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 Basenji alionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, jijini London. Kutokana na mbwa wachache waliovuka bahari, ukazaliwa ukoo mzima wa Basenji wa Ulaya na Marekani, na kitabu cha nasaba kikafungwa.

Matokeo hayakuchelewa. Ugonjwa wa upungufu wa damu ulijitokeza ndani ya ukoo huo. Chanzo chake kilikuwa ukosefu wa kimeng'enya kiitwacho pyruvate kinase ndani ya chembe nyekundu za damu, kasoro ambayo huwapata binadamu pia. Ugonjwa huo ulirithiwa kwa njia ileile ya selimundu: nakala moja hubebwa kimya, nakala mbili huleta maradhi. Wafugaji walipata kipimo cha kuwatambua wabebaji, wakawaondoa katika uzazi, na upungufu wa damu ukapungua sana. Lakini kuwaondoa wabebaji wote kuliufanya ukoo uliokuwa mwembamba uwe mwembamba zaidi. Baadaye ugonjwa mwingine ukaenea: ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambapo figo hushindwa kurudisha mwilini sukari na virutubisho vingine, vikapotea katika mkojo. Wenye mbwa hao walijifunza kupima mkojo wao nyumbani kwa vijiti vilevile vya kupimia sukari tunavyovifahamu katika kliniki za kisukari, ingawa sukari katika damu ya mbwa hao ilikuwa ya kawaida.

Dawa ya ukoo huo ilipatikana wapi? Ilipatikana kijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji kutoka Marekani walisafiri hadi Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo, wakatafuta mbwa wa wanavijiji na kurudi nao. Mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kilifungua kitabu chake cha nasaba na kuwaandikisha baadhi ya mbwa hao. Mbwa ambao juzi tu walikuwa wakilala kando ya moto wa wawindaji, bila karatasi wala bei, ndio walioitwa kuja kuuokoa ukoo wenye karatasi. Kisa hiki hakisemi kwamba nasaba ni uovu. Kinasema kwamba utofauti wa urithi ni akiba, na kwamba akiba hiyo tunayo hapa kwetu ingawa tunaidharau.

Je, kuchanganya damu ni dawa ya kila kitu?

Baada ya kusoma hayo, huenda msomaji akahitimisha kwamba chotara ni mzima siku zote. Hitimisho hilo nalo lina kasoro. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za mbwa 27,254 waliougua magonjwa ya urithi kati ya mwaka 1995 na 2010. Walilinganisha magonjwa 24. Magonjwa 10 yalionekana zaidi kwa mbwa wa nasaba safi. Magonjwa 13 hayakuonyesha tofauti yoyote. Na ugonjwa mmoja, yaani kukatika kwa kano ya goti, ulionekana zaidi kwa mbwa waliochanganyika. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, uliopima vinasaba vya mbwa zaidi ya 100,000, ulionyesha kuwa karibu mbwa 2 kati ya kila 5 walibeba angalau kasoro moja kati ya zile zilizopimwa. Mbwa waliochanganyika walikuwa wabebaji mara nyingi zaidi, lakini mbwa wa nasaba safi ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kurithi nakala mbili na kuugua.

Maana ya takwimu hizi ni nyepesi kwa mtu wa tiba. Kuchanganya damu hupunguza uwezekano wa kasoro mbili zinazofanana kukutana, lakini hakuziondoi kasoro zenyewe. Na ikiwa wazazi wa aina mbili tofauti wana tatizo lilelile, kwa mfano German Shepherd na Rottweiler wote wawili wenye nyonga mbovu, mtoto wao chotara hana pa kukimbilia.

Tabia, pumu na ahadi nyingine za sokoni

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mbwa ahadi hutembezwa kwa wingi, na mbili kati yake zinagusa afya.

Ahadi ya kwanza ni ya tabia. Tunaambiwa aina hii haiumi watoto, aina ile ni kali kwa asili. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, na ukabainisha kwamba aina ya mbwa hueleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na mambo mengine, yakiwamo malezi, mafunzo, umri na mazingira. Mbwa wa aina yoyote aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, akapigwa mawe na watoto na kulishwa kwa bahati, atauma. Kinachotofautiana ni ukubwa wa jeraha: taya la mbwa wa kilo 40 si sawa na la mbwa wa kilo 12, na jambo hilo lapasa kupimwa na kila mzazi mwenye mtoto mdogo.

Ahadi ya pili huwalenga wenye pumu na mzio: kwamba wapo mbwa wasiosababisha mzio. Asili ya ahadi hii ni kisa cha kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wally Conron, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la mbwa wa kuongoza wasioona nchini Australia, aliombwa mbwa na mwanamke wa Hawaii ambaye mume wake alikuwa na mzio wa manyoya. Alimpandisha Labrador kwa poodle, na hivyo chotara aitwaye Labradoodle akajulikana duniani. Hata hivyo, si watoto wote wa mbwa waliozaliwa walimfaa mgonjwa huyo, na miaka mingi baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anaijutia kazi ile, kwa kuwa watu walikimbilia kuzalisha chotara kwa ajili ya fedha bila kujali afya. Vitu vinavyoamsha mzio hutoka katika mate, ngozi na mkojo wa mbwa, si katika manyoya peke yake, na vipimo vilivyofanywa katika nyumba zenye mbwa wa aina zinazoitwa salama havikukuta vitu hivyo vikiwa pungufu kuliko katika nyumba nyingine. Mgonjwa wa pumu asiyaamini maneno ya muuzaji. Akutane na mbwa mwenyewe mara kadhaa kabla ya kuamua, azungumze na daktari wake, na mbwa asiingie chumba cha kulala.

Kuna kundi jingine linalostahili kutajwa: watu wenye kinga dhaifu, kama vile wanaoishi na virusi vya ukimwi ambao hali yao haijaimarika, au walio katika matibabu ya saratani. Kwao swali la umri ni zito kuliko swali la nasaba. Mbwa mchanga wa chini ya miezi 6, hasa anayeharisha, huweza kubeba vimelea wengi wa tumbo. Mbwa mzima aliyekwisha kuchanjwa na kupewa dawa za minyoo ni chaguo la busara zaidi, awe wa kienyeji au wa nasaba.

Joto, kupe na mfuko wa mwenye nyumba

Mbwa huchaguliwa pia kwa kufuata mahali atakapoishi. Mbwa hupunguza joto la mwili hasa kwa kuhema. Yule mwenye pua fupi hawezi kuhema vizuri, na mwenye manyoya mazito ana mzigo wa ziada. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mchana mmoja ndani ya banda la mabati usio na maji unaweza kumwua. Kupe nao hueneza magonjwa ya damu kwa mbwa, yakiwamo babesia na erlichia, na German Shepherd anajulikana kwa kuugua erlichia kwa ukali kuliko aina nyingi. Anayemleta mbwa kutoka nchi ya baridi, au kutoka banda lisilo na kupe, ajiandae kwa dawa za kuua kupe kila mwezi na kwa safari za kumwona daktari wa wanyama.

Gharama hizo si jambo la pembeni. Mbwa mkubwa hula kila siku. Ikiwa bei ya kumnunua imemaliza akiba yote, chanjo itaahirishwa, dawa za minyoo zitasahaulika, na mbwa wa thamani atageuka kuwa hatari kwa nyumba. Mtu mwenye kipato cha wastani aliyemchukua mbwa wa bure na kutumia fedha zake katika chanjo, chakula na uzio, ameilinda familia yake vema kuliko aliyenunua karatasi ndefu na kubaki mikono mitupu.

Virusi havisomi hati

Sasa turudi kwa muuzaji na neno lake. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya jeraha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika visa vya binadamu, hadi asilimia 99 huambukizwa na mbwa, na karibu asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, kifo karibu hakiepukiki. Kabla ya dalili, matibabu yakitolewa kwa wakati na kwa ukamilifu, karibu kila mtu huokoka. Katika tiba ni maradhi machache yenye mpaka mkali kama huu kati ya kupona na kufa.

Virusi hivyo havijui aina ya mbwa. Mbwa wa nasaba asiyechanjwa, aliyekutana getini na mbwa mwenye kichaa kwa dakika moja, ni hatari sawa na mbwa wa jalalani. Watoto wa mbwa nao huweza kuambukizwa, na wao hubebwa na kupakatwa na watoto wetu kuliko mbwa wakubwa. Kinachokinga ni chanjo. Imethibitika kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika, na kazi iliyofanyika kisiwani Pemba imeonyesha kuwa kampeni za kuchanja mbwa zaweza kuufuta ugonjwa huu katika kisiwa kizima. Mbwa waliochanjwa huko hawakuulizwa hati.

Anayeumwa au kuparuliwa na mbwa afanye yafuatayo. Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 bila kupunguza. Asipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa nyingine ya kienyeji. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Akianza chanjo, amalize dozi zote kwa tarehe alizopangiwa. Mbwa asiuawe kwa hasira. Kama inawezekana kumfungia salama, aangaliwe kwa siku 10 na afisa mifugo ajulishwe. Lakini matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo ziishe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumchukua mbwa

Kwa aliyekwisha kuamua kufuga, tunapendekeza maswali haya, yanayofaa kwa mbwa wa kila aina.

Je, naweza kumwona mama yake? Mama mwenye afya, mtulivu, anayekaa mahali safi, husema mengi kuliko karatasi. Ikiwa mama hakuna, au amefichwa, mnunuzi aondoke.

Je, wazazi wana undugu? Jina moja likijitokeza upande wa baba na upande wa mama katika hati ya nasaba, hiyo ni alama ya tahadhari. Hapo ndipo hati inapokuwa na kazi ya kweli: isomwe kama mhudumu anavyosoma historia ya ugonjwa katika familia.

Je, wazazi wamepimwa? Muuzaji wa mbwa wa bei kubwa anapaswa kueleza hali ya nyonga, macho na magonjwa mengine yanayojulikana katika aina hiyo. Bei kubwa isiyo na vipimo ni bei ya umbo tu.

Je, ametimiza wiki 8 akiwa na mama yake? Anayetengwa mapema hukosa maziwa na pia hukosa kufunzwa na mama na ndugu zake namna ya kuzuia meno.

Je, kadi ya chanjo iko wapi? Chanjo za distempa na parvo huanza mapema, wiki ya 6 hadi ya 8. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa afikishapo miezi 3, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Hata hivyo, kampeni ya chanjo ikipita mtaani, mbwa wote wapelekwe, wakiwamo wadogo. Kadi iwe na jina la chanjo, tarehe na saini ya mtaalamu. Maneno ya "amechanjwa" yasiyo na kadi hayatoshi.

Na swali la mwisho ni kwa mfugaji mwenyewe: je, nina uzio, muda, chakula na fedha za kumtunza kwa miaka 10 au zaidi? Asiyeweza kujibu ndiyo, heri asubiri.

Nyumbani, mbwa apewe dawa za minyoo kwa ratiba ya daktari wa wanyama, kinyesi chake kiondolewe kila siku, na asilishwe matumbo au mapafu mabichi ya mifugo, kwani kwa njia hiyo hupata minyoo inayoleta uvimbe wa maji katika ini na mapafu ya binadamu. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote.

Neno kwa mhudumu wa afya

Katika chumba cha matibabu mgonjwa atakwambia, "Ni mbwa wetu tu," au "Ni mbwa wa kizungu." Yasikie maneno hayo kwa heshima, kisha uliza yanayohitajika: mbwa alichanjwa lini, kadi iko wapi, aliuma kwa kuchokozwa au bila sababu, yuko wapi sasa. Ngozi iliyochubuka bila kutoa damu huhitaji chanjo. Jeraha lililotoboa ngozi, au mate yaliyoingia machoni, mdomoni au katika kidonda, huhitaji chanjo pamoja na kingamwili za kichaa cha mbwa. Jeraha lisishonwe mapema pasipo lazima. Aina ya mbwa haina nafasi katika uamuzi huo. Kama fomu yako ina mstari wa kuiandika, iandike mwisho.

Na yule baba tuliyemwacha akisitasita? Anaweza kumchukua German Shepherd kutoka kwa muuzaji mwingine, aliyemwonyesha mama, vipimo na kadi; hatakuwa amekosea. Anaweza kumchukua mbwa wa jirani, ampeleke kwa daktari wa wanyama na kumlea vema. Naye hatakuwa amekosea. Kosa lipo katika njia moja tu: kumwamini aliyemwambia kwamba mtoto akiumwa na mbwa "safi" hana haja ya hospitali. Usafi wa damu ni habari za mababu wa mbwa. Uhai wa mtoto hutegemea chanjo, sabuni na maji, na mzazi aliyekwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.